Nyaya za intaneti za faiba zinapita juu ya paa letu hapa Mathare, Nairobi. Mbona haziingii ndani?

#1 MwanaMabatini
Wadau hamjambo. Nina swali limenikwama kooni kama mwiba wa samaki tangu Jumapili.

Serikali hii ilipoingia 2022 ilituahidi kilomita 100,000 za faiba, waifai ya bure sehemu 25,000, na vituo vya kidijitali 1,450, yaani kimoja kila wadi. Nambari hizo sizisahau kwa sababu nilizikata kwenye gazeti nikazibandika ukutani karibu na kalenda.

Nakaa Mabatini. Ploti yetu ina milango 43. Nikisimama mlangoni naona nyaya nne nyeusi zimetoka Juja Road zikielekea kwenye maghorofa ya huko mbele. Zimepita juu ya mabati yetu kabisa, mvua ikinyesha zinadondosha maji kwenye karai letu. Lakini katika milango hiyo 43 hakuna hata mmoja wenye laini. Sisi kwetu tunanunua bando la shilingi 50 kila siku. 50 mara 30 ni 1,500. Hiyo 1,500 ndiyo binamu yangu wa Kasarani analipia faiba mwezi mzima, na watoto wake wanatazama katuni mpaka usingizi uwachukue. Msichana wangu yuko kidato cha nne. Akifungua video moja ya kemia, bando limekwisha kabla mwalimu hajamwaga asidi.

Niliwauliza mafundi waliokuwa kwenye nguzo. Wakanijibu, "Hapa hatuna ramani." Ramani gani? Ni pesa, ni siasa, ni makateli wanaouza intaneti yao mtaani? Na kama kuna mtu amekiona kile kituo cha wadi yake, aseme kiko wapi na kinafungwa saa ngapi.

#2 Chege_Githurai
Naweka stuli yangu hapa mbele. Wataalamu waje.

#3 FundiWaNgazi
Mkuu MwanaMabatini, nimepanda nguzo za Nairobi miaka sita, wacha nikujibu la ramani.

Waya unaopita juu ya paa lako si kama bomba la maji, useme utatoboa popote uweke mfereji. Ule ni waya wa kupita. Nyumba yako ikitaka kupata, lazima nguzoni kuwe na boksi la kugawia. Uzi mmoja wa kioo, mwembamba kama unywele, unatoka kwenye mtambo wa kampuni, kisha kifaa kidogo kisichohitaji stima kinaupasua mara 32 au 64, na kila tawi linaingia mlango mmoja. Kama boksi halikuchorwa kabla ya kazi kuanza, fundi aliye juu hawezi kulizua. Hiyo ndiyo ramani waliyokuambia.

Anayechora si fundi. Ni watu wa mauzo. Wanapita mtaani wakihesabu milango, wanakadiria wangapi watalipa mwezi wa kwanza na wangapi watakuwa bado wanalipa mwezi wa sita. Mabati wanayaruka. Mezani utasikia wakitaja moto, maana moto mmoja unamaliza nyaya za safu nzima kwa nusu saa. Watataja ubomoaji. Watasema hakuna nguzo ndani ya vichochoro. Na kuna wizi: mtu anakata akidhani ndani kuna shaba, akikuta ni kioo anatupa mtaroni. Nimewahi kuunganisha waya mmoja mara tatu kwa wiki moja.

Sisemi wana haki ya kuwaruka. Nakuambia kinachosemwa mkutanoni.

#4 MamaSaiba
Fundi umesema vizuri lakini mimi naona mnaanzia mwisho wa kamba.

Nina saiba, duka la kompyuta na intaneti, Kayole mwaka wa kumi na moja. Faiba ninayo, na nyumba nyingi zinazonizunguka zinayo. Bado foleni iko mlangoni kwangu saa mbili asubuhi. Hati ya tabia njema, kujisajili bima ya afya ya SHA, ritani za kodi za KRA, fomu za kuomba chuo za KUCCPS, mkopo wa masomo wa HELB, kila kitu kimepelekwa mtandaoni. Wiki ya mwisho ya Juni, ritani zikikaribia kufungwa, hata chai sinywi. Wengi wa hao watu wana simu mkononi na bando ndani. Wanakuja kwa sababu hawajui wabonyeze wapi, wamesahau paswadi, au barua pepe ilifunguliwa na mtu mwingine ambaye alishahama mtaa. Mzee mmoja wa miaka 70 alikuja na namba yake ya siri imeandikwa kwenye kiganja kwa kalamu, jasho likaifuta njiani. Tukaanza upya, saa nzima.

Leteni hizo kilomita 100,000. Bila mtu wa kumfundisha huyo mzee, waya utafika kwake na yeye bado atakuja kwangu. Mimi nitapata pesa, sawa, lakini siyo haki.

#5 BintiLodwar
Nimesoma nikiwa hapa Umoja nimetulia, lakini moyo wangu uko nyumbani. Ndugu zangu wa Nairobi, nyinyi waya unapita juu ya paa. Kuna sehemu Turkana ukitaka kumpigia mtu unapanda mlima. Si kwa kutumia intaneti, ni simu tu ya "mama amefika salama." Kuna mti mmoja karibu na kwetu watu wanauita "ofisi," kwa sababu ukisimama upande wake wa mashariki unapata mawimbi.

Kila mwaka makampuni ya simu yanatoa asilimia 0.5 ya mapato yao kwa mfuko wa huduma kwa wote, ambao uko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Mfuko huo ni wa sisi tulio mbali. Awamu ya kwanza ya minara ilikuwa ya kata ndogo 78. Nchi hii ina kata ndogo zaidi ya elfu saba. Halafu tukaletewa maputo ya kurusha intaneti ya Google na Safaricom 2019, nayo yakapotea kama yalivyokuja.

#6 Mvita_Eastleigh
Dada yangu BintiLodwar, pole kwa yote, ila hapo kwenye maputo nikurekebishe kidogo. Haikuwa Safaricom, ilikuwa Telkom Kenya. Wala si 2019. Huduma ilianza Julai 2020 na Januari 2021 wenyewe wakatangaza wanafunga. Yalikuwa yakielea kama kilomita 20 angani, juu ya njia za ndege, yakitumia jua. Na eneo lililopangiwa lilikuwa magharibi na kati ya nchi, kama kilomita za mraba 50,000.

#7 BintiLodwar
@Mvita_Eastleigh shukrani kwa marekebisho. Lakini umenipa hoja kubwa kuliko niliyokuwa nayo. Yaani hata maputo ya angani, ambayo hayahitaji barabara wala nguzo, yalipangwa kuelea juu ya Nakuru na Kisumu?

#8 MzeeWaBuruburu
Vijana, ngojeni niwarudishe nyuma.

Nilikuwa na kazi ya uchapaji mjini kabla ya 2009. Wakati huo nchi nzima ilitegemea setilaiti, na ofisi ilikuwa inalipa pesa za kutisha kwa laini ambayo leo mtoto angeitupa. Juni 2009 waya wa baharini wa TEAMS ukafika Mombasa kutoka Fujairah, Uarabuni, Rais Kibaki akiwepo, na mwezi uliofuata waya mwingine wa baharini, SEACOM, ukawashwa. Tulishangilia. Wakati huohuo serikali ikachimba mkongo wa taifa, yaani waya mkuu wa faiba uitwao NOFBI, kutoka pwani hadi makao ya wilaya. Halafu ikaja programu ya Pasha chini ya Bodi ya TEHAMA, kwa mkopo wa Benki ya Dunia: wafanyabiashara wadogo wapewe mikopo wafungue vijiji vya kidijitali mashambani.

Sasa someni tena maneno hayo polepole. Mkongo. Vituo vya kidijitali. Mkopo wa Benki ya Dunia. Halafu someni ahadi ya 2022. Mkongo. Vituo vya kidijitali. Na Machi 2023 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 390 kwa mradi wa kuharakisha uchumi wa kidijitali. Sisemi ni wizi, sina ushahidi na sitamsingizia mtu. Ninachosema ni kwamba sisi tunajua kujenga, kutunza hatujui. Pesa za kuchimba zinapatikana. Pesa za kulipa stima ya kituo mwezi wa kumi na nne, na mshahara wa kijana anayekifungua asubuhi, hizo haziko kwenye bajeti ya mtu yeyote.

#9 FundiWaNgazi
Mzee heshima yako. Niongeze kitu kimoja kwa NOFBI kwa sababu watu huchanganya. Mkongo ule haukuchorwa ufike kwa nyumba. Ulichorwa uunganishe makao ya wilaya, baadaye makao ya kaunti na ofisi za serikali. Kwa hivyo mtu akisema "NOFBI ilifika kwetu na hatukupata kitu," ukweli ni kwamba ilifika kwa ofisi ya kaunti. Kutoka hapo hadi sokoni ni kazi ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ndiye huwa haji.

#10 Chege_Githurai
Mnakumbuka waifai ya matatu? Mimi nilikuwa naacha gari tupu naenda kungoja lenye stika ya waifai. Nikishuka Githurai 45 nimemaliza kutuma barua za kazi tatu. Ile ndiyo ilikuwa broadibandi ya mwananchi.

#11 MamaSaiba
Chege wewe ulikuwa unaacha matatu tupu kwa sababu ya muziki, usitudanganye hapa.

#12 Chege_Githurai
Muziki na waifai mama. Vyote viwili. Lakini kazi moja nilipata kupitia barua iliyotoka kwenye kiti cha nyuma cha matatu, nikiwa Roysambu kwenye jam. Ndiyo maana nasema hizo sehemu 25,000 za bure wasizibeze. Mtu asiye na 50 ya bando siku hiyo anaweza kukaa nje ya soko akatuma kitu kikabadilisha maisha.

#13 MhasibuMpole
Nimengoja mtu ataje kodi, naona mnazunguka tu.

Chukua bando ambalo kampuni ingekuuzia shilingi 100. Kwanza ushuru wa bidhaa asilimia 20, inakuwa 120. Halafu VAT asilimia 16 juu ya hiyo 120. Unafika shilingi 139 na senti. Serikali inayosema inataka kukufikishia intaneti ndiyo hiyohiyo inakutoza kama vile unanunua pombe.

#14 Mvita_Eastleigh
Mhasibu, hoja yako naikubali, hesabu yako siikubali. Ushuru huo ulikuwa 15 kuanzia 2018, ukapanda hadi 20 mwaka 2021, na Sheria ya Fedha ya 2023 ikaurudisha 15. Mswada wa 2024 ulitaka kuupandisha tena hadi 20, na sote tunajua mswada huo uliondolewa baada ya maandamano.

#15 MhasibuMpole
Kweli kabisa, nilishika kiwango cha zamani. Narudia: 100 inakuwa 115, kisha VAT juu yake inakuwa 133 na senti 40. Yaani katika kila shilingi 1,000 unayolipia intaneti, karibu 250 ni ya Hazina. Robo. MwanaMabatini anaponunua bando la 50, shilingi kumi na mbili na nusu haijanunua hata sekunde moja ya video ya kemia. Kwa mwezi ni karibu 375.

Wangeweza kuondoa ushuru huo kwa bando dogo pekee, la watu wanaonunua kwa siku. Isingehitaji kuchimba hata mtaro mmoja.

#16 MwanaMabatini
375! Hiyo ni mitungi ya maji ya wiki kadhaa kwangu. Hata sikujua.

#17 KijanaWaKoch
Salamu wadau. Wengine huku mnatuita kateli, kwa hivyo acha kateli aongee.

Niko Korogocho. Mimi na wenzangu watatu tulichanga, tukanunua laini moja ya biashara, tukavuta kwa dishi ndogo kutoka kwa jengo refu lililo ng'ambo, tukasambaza kwa rauta. Mteja ananunua vocha ya shilingi kumi anapata saa kadhaa, au analipa mwezi. Stima ikipotea tuna betri ya gari. Rauta ikiungua tunanunua nyingine kwa pesa zetu. Kampuni kubwa ilikuja Koch lini? Serikali ilikuja lini? Watoto wa shule ya karibu tunawawashia bure Jumamosi, na hakuna aliyetuomba.

Mtu akikata waya wa kampuni ili auze wake, huyo ni mwizi kama wezi wengine, na wapo, sikatai. Lakini msitutie kapu moja.

#18 WakiliRuaka
Kijana, kazi yako naiheshimu. Swali la kisheria tu: mna leseni? Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mwongozo wa leseni za mitandao ya jamii mwaka 2021, na mfano uko hapahapa Nairobi. TunapandaNET ya Kibera inaunganisha shule na vituo vya vijana kwa mtindo huohuo wa kurusha kutoka paa hadi paa. Bila leseni siku moja mtang'olewa rauta zote na mtakosa pa kulalamika.

#19 KijanaWaKoch
Wakili, tulianza kuulizia. Ofisi moja ikatutuma nyingine, ile nyingine ikataka hati za kikundi kutoka kwa huduma za jamii, zikachukua miezi. Tungali tunafuatilia. Ukiweza kunisomea hizo fomu nitakushukuru, sisi hatuna wakili kwenye kundi.

#20 WakiliRuaka
Nitumie kwa ujumbe wa ndani. Silipishi.

#21 AbdiWaWajir
BintiLodwar umesema ya Turkana, mimi niseme ya kaskazini mashariki. Kwetu mnara si suala la pesa peke yake. Al-Shabaab wamelipua minara Mandera, Wajir na Garissa miaka yote hii, na mnara ukianguka hakuna fundi anayetaka kuja kuusimamisha bila askari. Mji mzima unanyamaza. M-Pesa inasimama, kwa hivyo duka linasimama. Mkizungumza kuhusu jamii zisizohudumiwa, mjue kuna zilizohudumiwa kisha zikanyang'anywa.

#22 Rongai_Setilaiti
Na ndiyo sababu nashangaa bado tunabishana kuhusu mitaro. Starlink, intaneti ya setilaiti, imekuwa nchini tangu Julai 2023. Haina nguzo ya kukatwa wala mnara wa kulipuliwa. Serikali inunue dishi moja kwa kila shule na zahanati ya kaskazini, jua liko la kutosha, kazi imeisha mwaka huu.

#23 FundiWaNgazi
Ndugu wa Rongai, kwa Wajir na Turkana nakuunga mkono. Lakini usilete jibu hilo Mathare. Novemba 2024 walisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilijaa, mpaka wakaja kufungua tena 2025. Setilaiti inagawa uwezo wake kwa eneo. Watu wakiwa wachache jangwani kila mmoja anapata kingi. Watu wakibanana kama hapa, mnagawana tone. Mahali penye watu wengi kwa ekari moja ndipo faiba ina maana zaidi, na hapo ndipo inaruka. Mimi hilo linaniuma kila nikipanda ngazi.

#24 BintiLodwar
Rongai_Setilaiti, nani atalipa kila mwezi baada ya mwaka wa kwanza? Rudi usome #8.

#25 Mwalimu_Kitui
Nafundisha sekondari ya kutwa huko Kitui, niko Nairobi kwa semina. Nimesoma uzi wote kwenye basi.

Nimjibu BintiLodwar kwa kisa. Shule yangu iliunganishwa intaneti miaka kadhaa iliyopita. Shule za sekondari zaidi ya 800 nchini zilipata ya mfuko ule aliotaja, nyingine zilipata kwa wafadhili na miradi mingine, na ya kwetu sitaitaja. Mafundi walikuja, wakafunga kifaa ofisini kwa mwalimu mkuu, tukapiga picha. Ilikuwa nzuri kwa kweli. Nilimwonyesha mtoto moyo wa binadamu ukidunda kwenye skrini, darasa zima likanyamaza mpaka nikasikia kuku nje. Mkataba wa malipo ulipoisha hakuna aliyepiga simu. Siku moja taa ya kijani ikawa nyekundu. Tukaandika barua, hatukujibiwa. Bodi ya shule ikasema pesa za wazazi ni za chakula, na mimi siwezi kuwalaumu.

Kifaa bado kiko ukutani. Tunakipangusa vumbi.

#26 MzeeWaBuruburu
Mwalimu, umesema kwa aya moja nilichojaribu kusema kwa tatu.

#27 TakwimuZaNchi
Mnatoa hoja nzito bila namba, wacha niwape za sensa ya 2019. Kati ya watu wa miaka 3 na zaidi, waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6. Mijini 42.5, mashambani 13.7. Wakati huohuo ramani za makampuni zilikuwa zinaonyesha karibu kila Mkenya yuko chini ya mnara fulani. Kwa hivyo tatizo si waya kufika. Watu wamefikiwa na hawatumii. MamaSaiba ndiye aliye karibu na ukweli kuliko wote.

#28 WakiliRuaka
Taratibu. Sensa ilianzia miaka 3, kwa hivyo kuna watoto wengi humo wanaoshusha namba. Na "kuwa chini ya mnara" wa kupiga simu si sawa na kuwa na intaneti inayoweza kubeba darasa. Mtu wa mti wa "ofisi" kule Turkana kwenye ramani yao pengine amefikiwa.

#29 TakwimuZaNchi
La watoto nakubali, la mnara pia. Lakini pengo la mjini na shamba haliondoki hata ukiwatoa watoto wote. Na tofauti ya simu ya mulika mwizi na simu janja hamjaigusa kabisa. Mama mwenye mulika mwizi hata ukimwekea faiba kitandani hana pa kuiingiza.

#30 MamaSaiba
Na mara nyingi simu janja ya nyumba iko kwa baba, baba yuko kazini. Mtoto wa gredi ya sita anapewa kazi ya kutafuta mtandaoni, anangoja baba aje saa tatu usiku. Wanakuja kwangu wakiwa wanne na shilingi ishirini wakiwa wamechanga. Nawaacha wakae zaidi ya muda wao, mashine ikiwa haina mtu.

#31 KaraniWaJiji
Nafanya kazi upande wa kaunti, sitasema idara. Naona hakuna aliyegusa ada ya kupitisha nyaya. Kampuni ikitaka kuchimba kando ya barabara inalipa: barabara kuu ina mwenyewe, ya mtaa ina mwenyewe, na kaunti nayo ina ada zake. Kila mlango una karatasi yake. Kuchimba mara moja na kuweka bomba moja ambalo makampuni yote yangepitisha nyaya zao ndani ni wazo la miaka mingi. Badala yake kila kampuni inachimba lake, na barabara ikipanuliwa katapila linang'oa yote. Kwa hiyo wanakimbilia nguzo za stima, wanazikodisha, ndiyo maana MwanaMabatini anaona nyaya nne hewani badala ya moja.

Ada zikipunguzwa kaunti inapoteza mapato. Zikibaki, gharama inarudi kwa mteja. Sina jibu, nawaonyesha tu mahali fundo lilipo.

#32 FundiWaNgazi
Karani, na nyaya hizo nne zinapita kwa nguzo ileile kuelekea ghorofa moja. Nimeziona kwa macho. Ghorofa lina laini nne za ushindani, mabati hayana hata moja.

#33 Chege_Githurai
Kando kidogo: Nanyuki walijaribu kurusha intaneti kwa masafa ya televisheni yaliyokuwa wazi, hao kampuni ya Mawingu, 2013 pamoja na Microsoft. Masafa yale yanapenya miti na kuta vizuri. Mbona hilo halikuletwa kwa mabati?

#34 KijanaWaKoch
Kwa sababu vifaa vyake huvipati dukani Luthuli, Chege. Sisi tunatumia kinachopatikana Luthuli.

#35 MwanaMabatini
Wadau, asanteni. Nimesoma yote, mengine mara mbili, nikiwa na daftari la msichana wangu.

Kuhusu kituo cha wadi: hakuna aliyejibu. Nilienda kuuliza kwa chifu Jumatatu. Nikaambiwa kiko mbioni. Nitaendelea kuuliza.

Halafu nikafanya kitu kingine. Fundi alisema watu wa mauzo wanahesabu milango, na mimi nikajiuliza kama waliwahi kutuhesabu. Jumamosi na Jumapili nikapita ploti nzima. Milango 43. Sita hawakuwepo. 29 wamesema wangelipa 1,000 kwa mwezi kwa laini isiyokata, kwa sababu kwa bando tayari wanatumia zaidi. Mama mmoja alisema atalipa nusu, na jirani yake akasema atamalizia, watumie pamoja. Wengine hawataki, wana sababu zao. Landilodi hakukataa, ila anataka kampuni imlipe yeye kwanza kabla ya waya kugusa ukuta wake. Hilo sijui nilifanyeje.

Fundi, hiyo karatasi yenye majina 29 naipeleka wapi?

#36 WakiliRuaka
La landilodi usikubali haraka. Uliza kama anataka kampuni moja tu iingie. Wengi hufanya hivyo, na mkishafungwa na moja bei inapanda bila mshindani.

#37 FundiWaNgazi
29 kwa 43 ni zaidi ya baadhi ya maghorofa niliyofunga. Nakuambia ukweli. Boksi moja la matawi 32 lingewatosha na likabaki na nafasi tatu.

Kuna mtu wa mchoro ninayemfahamu, anasikiliza. Lakini ataniuliza kwanza nguzo. Ile iliyo karibu nanyi, ina kibati chenye namba? Isome uniletee.

#38 BintiLodwar
MwanaMabatini hongera sana. Kwetu nyumba 29 ni mwendo wa siku mbili. Kuna yeyote anayejua orodha nyingine ya kata ndogo inatoka lini, na mtu wa kijijini anapeleka wapi jina la kata yake?

#39 AbdiWaWajir
Nami nauliza hilohilo.

#40 MwanaMabatini
@FundiWaNgazi nimetoka na tochi sasa hivi. Kibati kipo, juu kidogo ya kichwa, lakini rangi imekwaruzika. Naona 4 na 7, katikati kuna kitu kama 0 au 8. Giza limeingia. Kesho mapema nitaazima ngazi.